Paka Akitaka Kutapika, Si Kila Mara Ni Manyoya



Sisi watu wa Pwani tumekua na paka. Kuanzia Lamu hadi Vanga ni nadra kuona uchochoro usio na paka, na pale Mji wa Kale Mombasa mzee huketi barazani na paka yuko miguuni pake. Kwa hiyo kazi iliponipeleka bara, nikaishi miaka kadhaa baina ya Kisii na Nyamira, majirani waliponiuliza habari za paka niliwajibu kama daktari, ilhali diploma yangu ni ya uhasibu. Siku moja nilijibu vibaya na paka wa watu akafa. Ndiyo sababu ya makala haya.

Nilikuwa nimepanga upande wa Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti hizo mbili. Jirani yangu, mama mtu mzima, alikuwa na paka jike wa kufukuza panya kwenye mahindi. Asubuhi moja akaniita uani: "Mswahili, paka wangu anataka kutapika tangu jana na hakitoki kitu." Nikamjibu bila hata kwenda kumtazama: "Ni manyoya hayo, mama. Mpe mafuta kidogo, yatatoka."

Siku ya tatu alimpeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari alipomfunua mdomo, aliona uzi wa kushonea gunia umejizungusha chini ya ulimi, na ncha ya pili imeteremka hadi matumboni. Utumbo ulikuwa umeshakatwakatwa na ule uzi. Hakupona.

Manyoya huingiaje tumboni?

Ulimi wa paka una vimiba vidogo vinavyoelekea nyuma, ndiyo maana akikulamba unahisi kama msasa. Anapojisafisha, vimiba hivyo hukokota manyoya yaliyolegea, naye hawezi kuyatema, basi huyameza. Mengi hupita na kutoka na choo. Yanayobaki tumboni hujisokota yakawa bonge, naye hulitapika.

Paka wetu wa mitaani wana manyoya mafupi, hivyo jambo hili huwapata kwa nadra. Paka wa Kiajemi na machotara wake, wenye manyoya marefu, ndio hupata taabu zaidi. Na huku kwetu karibu na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo paka hupukutisha kidogo kidogo mwaka mzima.

Ya kawaida ni yapi?

Paka huinama, tumbo likawa linacheza, akatoa sauti ya kukwama mara chache, kisha akatapika. Kinachotoka si duara. Ni kirefu na chembamba kama kidole, kimelowa ute. Akimaliza hurudi kula na kucheza. Likitokea mara moja moja, tuseme mara moja kwa mwezi, usiwe na wasiwasi. Likitokea kila wiki, kuna sababu ya kuchunguza: huenda ana viroboto au ugonjwa wa ngozi unaomfanya ajilambe kupita kiasi, au tumbo lenyewe lina maradhi.

Ya hatari ni yapi?

Usingoje kesho ukiona moja ya haya:

- Anajaribu kutapika tena na tena na hakitoki kitu.
- Amekataa kula siku nzima. Paka asiyekula siku kadhaa, hasa mnene, huweza kuharibika ini.
- Hajapata choo, au tumbo limevimba na linamuuma ukiligusa.
- Amezubaa, anajificha, anadondosha mate.
- Uzi unaonekana mdomoni au nyuma. Usiuvute! Ukiuvuta unakata utumbo. Mwache ulivyo, umkimbize kwa daktari.
- Anapumua kwa mdomo wazi.

Kuna pia kikohozi kinachofanana sana na manyoya. Paka hujikunyata chini, akanyoosha shingo, akakohoa, na mwisho hakitoki chochote. Hiyo huweza kuwa pumu. Kisii na Nyamira ni nchi ya vilima na baridi, watu huingiza jiko la makaa ndani na kufunga madirisha, na moshi humzidishia taabu paka mwenye pumu.

Nyumbani tufanye nini?

Dawa ya kwanza ni kuchana. Mwenye manyoya marefu achanwe kila siku, mwenye mafupi mara moja au mbili kwa wiki. Kila unyoya unaobaki kwenye kitana haumezwi.

Ya pili ni kuondoa viroboto, lakini kwa dawa ya paka. Dawa nyingi za mbwa zina permethrin, na hiyo humuua paka.

Ya tatu ni maji safi wakati wote na chakula chenye majimaji. Wengine huchanganya kijiko kidogo cha boga lililochemshwa, lisilotiwa chumvi wala kitunguu, ili choo kiwe laini. Boga halina madhara kwa kiasi hicho, lakini halizibui utumbo ulioziba.

Yale mafuta niliyomwambia jirani yangu, msimpe paka kwa nguvu. Mafuta ya kupikia humeng'enywa kama chakula, na mafuta ya parafini ya dawa, yale yasiyo na ladha, huingia mapafuni kwa urahisi. Maziwa nayo huwaharisha paka wengi wakubwa. Na paracetamol kamwe: hata kidonge kimoja huweza kumuua.

Mwisho, fungieni nyuzi za magunia, sindano za kushonea na riboni.

Kwa daktari

Madaktari wengi huko bara kazi yao kubwa ni ng'ombe wa maziwa, lakini paka pia wamemsomea. Uliza katika ofisi ya mifugo ya kaunti, na hakikisha unayemwita amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mrekodi paka kwa simu anapohangaika, maana akifika kwa daktari mara nyingi hutulia.

Nilimwomba radhi yule mama. Alinisamehe, akaniambia tu kwamba alinisikiliza kwa kuwa mimi ni Mswahili na Waswahili wanajua paka. Hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka pasi na kumlisha twaijua sote, lakini mimi sikumfungia mtu paka. Nilisema tu nisilolijua.

Siku hizi nikiulizwa, nauliza kwanza mambo matatu: Kimetoka kitu? Amekula? Amepata choo? Jibu likiwa "la" hata kwa moja, namwambia mwenye paka aende kwa daktari leo hii.