Mbiu inapolia na wenyewe hawapo



Wazee wanasema: mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Zamani kijiji hakikuwa na redio wala karatasi. Ngoma ilipigwa, watu wakakusanyika, neno likatamkwa mbele ya wote. Sherehe ile haikuwa ya kumpamba chef tu. Ilikuwa ya kufanya mashahidi: kesho hakuna wa kusema "mimi sikusikia", na chef mwenyewe hawezi kugeuza neno lake.

Lakini historia ya inchi yetu ina tangazo la namna ingine. Tarehe 1 Julai 1885 Francis de Winton, msimamizi mkuu wa mfalme Léopold II, alitoa amri: udongo mtupu, usio na mtu, ni wa serikali. Amri ilisema pia wenyeji wasinyang'anywe udongo wanaokaa. Ilikuwa kwa Kifaransa. Huku kwetu, kando ya ziwa Tanganyika, nani alisikia? Baadaye wakafasiri kwamba "kukaa" ni kuwa na nyumba na shamba lililolimwa, basi. Pori la kuwinda na shamba lililopumzishwa vikahesabiwa kuwa mali ya serikali.

Wenzetu waliorudi kutoka Nyarugusu wanajua jambo hili bila kusoma kitabu. Mama mmoja alinielezea: alipokuwa kambini Tanzania, kijijini kwao lilitolewa tangazo kwamba mashamba yaliyoota majani yatapewa wengine. Aliporudi akaambiwa: "Sisi tulitangaza." Kweli, walitangaza. Lakini mwenye shamba alikuwa ng'ambo ya ziwa. Kumbe lile lilikuwa tangazo la nani?

Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 142, inajibu vizuri. Serikali inapaswa kueneza kila sheria kwa Kifaransa na kwa luga 4 za taifa, Kiswahili kikiwamo, ndani ya siku 60 tangu rais aitangaze. Maana yake sheria isiyofika masikioni mwa watu bado haijamaliza safari. Lakini katika mikutano yetu, nikiuliza nani amewahi kusomewa sheria ya udongo kwa Kiswahili, hata ile ya 20 Julai 1973 ambayo wazee wanaitaja kila siku, mikono inayoinuka ni michache.

Njo maana ninawaomba: tukiitwa kwenye sekta kusikiliza tangazo juu ya mashamba, tusiende kupiga makofi tu. Tuombe lisemwe kwa Kiswahili. Tuulize kama walio bado kambini wamepelekewa habari, na wamepewa muda wa kujibu. Tena tusirudi nyumbani bila PV yenye sahihi, na kopi moja ibaki kwa chama.

Ngoma inanyamaza jioni ileile. Karatasi yenye mashahidi njo itakayomungoja mwenye shamba mpaka avuke ziwa.