Tahajia ya Simu na Subira ya Mwandishi

Mwaka 1934 Julius Nyerere, mtoto wa Butiama aliyekua katika lugha ya Kizanaki, aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, na huko akajifunza Kiswahili. Miaka minne kabla yake iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambayo kazi yake mojawapo ilikuwa kusawazisha tahajia.

Leo vijana wa Musoma na Bunda, kama wenzao nchini kote, hupelekeana ujumbe wa simu wakiandika “cjui” badala ya sijui, na “2taonana” badala ya tutaonana. Ufupisho huu ulifaa zama ujumbe mmoja ulipokuwa na nafasi ya herufi 160 tu. Intaneti ilipoipanua nafasi, mazoea yakabaki.

Wadhanio kuwa sarufi imeharibika wamekosea. Herufi c imeketi pale pale pa kiambishi si-, na tarakimu 2 pale pale pa tu-. La ajabu ni kwamba c haisomeki “si”, wala 2 “tu”, ila kwa matamshi ya Kiingereza.

Hasara kubwa zaidi ni ya subira. Tafsiri ya Nyerere ya Julius Caesar, mchezo wa Shakespeare, ilitoka 1963. Hakutosheka nayo, akaisahihisha, ikatoka tena 1969. Ujumbe wa simu mara nyingi hupelekwa kabla mwenyewe hajausoma. Neno lililofupishwa laweza kurefushwa siku yo yote. Fikira isiyorudiwa hubaki na kosa lake. Basi shuleni yapasa kufundishwa, kabla ya kukemea c na 2, desturi ya kusoma tena kilichoandikwa.