Waliosikia la Mkuu

Nilipomaliza kidato cha nne nilisukuma mkokoteni sokoni kwa miezi mitatu. Mzigo wangu ulikuwa wa mitaa miwili tu, na bado jioni mikono ilikuwa haishiki kijiko. Ndiyo maana niliposoma kwamba kati ya 1856 na 1860 watu karibu 3,000 walivuka mbuga na milima ya Marekani kwa miguu, wengi wao wakikokota mikokoteni zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Iowa City hadi Salt Lake City, sikulala.

Watu hao ni Wamormoni. Nabii wao, Joseph Smith, aliuawa na genge la watu gerezani Carthage, Illinois, mwaka 1844. Mwaka 1846 wakaanza kuuhama Nauvoo, mji waliojijengea wenyewe. Brigham Young akawaongoza magharibi, na Julai 1847 wa kwanza wakafika bonde la Salt Lake, wakaziba kijito, wakamwagilia ardhi, wakapanda viazi. Lakini nchi ile ilikuwa na wenyewe, Waute na Washoshone. Februari 1850 wanamgambo wa Kimormoni waliwashambulia Waute karibu na mto Provo, wakaua wengi. Aliyekimbia bunduki naye akashika bunduki. Tusilifiche hilo.

Basi, waumini wakazidi kuja, wengi wao maskini kutoka Uingereza na Denmark. Magari ya maksai yalikuwa ghali, na mfuko wa kuwasaidia ulikuwa umepungukiwa. Wakuu wakaamua: waje na mikokoteni, kila mtu na kilo 8 hivi za nguo na matandiko. Mwaka 1856 misafara mitatu ya kwanza iliwahi kabla ya baridi. Miwili iliyofuata, wa James Willie na wa Edward Martin, ilichelewa. Mikokoteni yenyewe ilikuwa ya mbao mbichi. Zikikauka, magurudumu yanapasuka njiani.

Mwezi Agosti msafara wa Willie ulifika Florence, Nebraska. Pakawa na mkutano: twende au tungoje? Akasimama Levi Savage, mmoja wa viongozi wadogo, mtu aliyeijua nchi ile. Akawaambia huku akilia kwamba theluji itawakuta njiani, na wazee na watoto watakufa. Willie hakupendezwa. Akajibu kwamba Mungu anayemtumikia yeye anaweza kuokoa. Wakapiga kura, Savage akashindwa.

Unajua alifanya nini? Alisema aliyoyasema ni kweli, lakini kwa kuwa wanakwenda, naye atakwenda, atafanya kazi nao, atateseka nao, na ikibidi atakufa nao.

Tarehe 19 Oktoba theluji ikaanguka. Siku chache tu kabla yake, watu wa Martin walikuwa wamechoma mablanketi ili kupunguza mzigo. Lo! Unga nao ukaisha. Tarehe 23 watu wa Willie wakapanda Rocky Ridge katikati ya dhoruba, na kesho yake 13 wakazikwa kaburi moja. Young alikuwa amepata habari mwanzoni mwa Oktoba, akaamuru magari na unga vipelekwe upesi. Bila magari hayo sijui nani angebaki. Hata hivyo, zaidi ya watu 200 walikufa katika misafara hiyo miwili.

Tangu utotoni tunaambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kumbe wapo waliosikia la mkuu, na baridi ikawala miguu hadi ikakatwa.

Wenzangu mnaoota kuandika riwaya kama mimi, tunapenda shujaa anayeshinda. Savage alishindwa. Angeweza kubaki Florence, kama walivyobaki wengine karibu mia moja, halafu aje aseme, "Si niliwaambia?" Hakubaki. Alikwenda nao, na Novemba akafika akiwa hai.

Nimeanza sura ya kwanza mara tatu. Ninachoshindwa kuamua ni hiki: je, alipowafuata alikuwa jasiri, au hata yeye mwishowe alisikia la mkuu? Nikilala nasema jasiri. Nikiamka nahesabu makaburi, nafuta, naanza upya.