Farasi wa Garub: Urithi wa Vita, Reli na Almasi

Farasi wanaorandaranda katika uwanda wa Garub, karibu na mji mdogo wa Aus kusini mwa Namibia, huitwa farasi-mwitu, ingawa kwa hakika ni wazao wa farasi wa kufugwa waliotoka mikononi mwa binadamu na kuzaliana jangwani bila mtunzaji.

Zipo simulizi zinazowanasibisha na meli iliyozama pwani au na zizi la ngome ya Duwisib, lakini maelezo yenye nguvu zaidi yanataja vyanzo viwili: shamba la Kubub, ambako Emil Kreplin, aliyepata kuwa meya wa Lüderitz, alizalisha farasi wakati wa utawala wa Wajerumani, na farasi wa majeshi ya Afrika Kusini yaliyopiga kambi Garub mwaka 1915, kambi ambayo ilishambuliwa kwa mabomu ya ndege ya Wajerumani.

Kundi hilo lilisalimika kwa sababu mbili ambazo zote zilitokana na shughuli za wakoloni. Kwanza, palikuwa na kisima kilichochimbwa ili kuvipatia maji vichwa vya treni vya mvuke, na treni za dizeli zilipochukua nafasi ya vichwa hivyo katika miaka ya 1970, maji yakawa hatarini kukatika hadi watu waliowahurumia farasi hao walipoingilia kati. Pili, baada ya almasi kugunduliwa mwaka 1908, Wajerumani walitenga Sperrgebiet, yaani eneo ambalo raia hawakuruhusiwa kuingia, na marufuku hiyo, iliyokusudiwa kulinda almasi, ikawakinga farasi dhidi ya wawindaji na wakamataji.

Mwaka 1986 uwanda huo ulijumuishwa katika Hifadhi ya Namib-Naukluft, na farasi wakawa kivutio kikubwa cha watalii. Lakini katika miaka ya 2010, ukame ulipoungana na fisi madoa waliokuwa wakiua watoto wa farasi, kundi lilipungua mno na mjadala ukazuka kama inafaa kumdhibiti mnyama wa asili ili kumwokoa mgeni. Katika mjadala huo, hoja ya uasili haiwezi kuwatetea farasi wa Garub, kwa kuwa wao wenyewe, pamoja na kisima wanachokitegemea, waliletwa na binadamu. Kinachowatetea ni historia, na Namibia ikiamua kuwahifadhi, itakuwa imehifadhi kumbukumbu hai ya ukoloni wake.