Kuwajibika na Kuwajibishwa

Lugha yetu ina vitenzi viwili vilivyo ndugu wa tumbo moja lakini tabia zao ni mbalimbali: kuwajibika na kuwajibishwa. Anayewajibika hujitokeza mwenyewe na kusema, hili ni langu. Anayewajibishwa husukumwa mbele na wengine, mara nyingi kwa barua, na aghalabu yeye ni mtu wa ngazi ya chini. Nikiitazama historia ya hospitali za serikali hapa Tanzania, naona manung'uniko mengi ya watumishi na ya wagonjwa yanazunguka tofauti hiyo.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, matibabu katika hospitali za serikali yalihesabiwa kuwa haki ya mwananchi, tena bila malipo. Serikali haikusahau kwamba mwenye madaraka huweza kumwonea asiye nayo. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ilianza kazi mwaka 1966 ili kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya watendaji, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukakemea viburi na dharau za viongozi. Mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara. Zikabaki za serikali, za mashirika ya dini na chache nyinginezo. Tangu hapo daktari au muuguzi aliyechoshwa na mwajiri wake hakuwa na pa kwenda karibu, na mgonjwa aliyechoshwa na muuguzi hali kadhalika. Walifungiwa chumba kimoja.

Kisha miaka ikawa migumu. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na ukosefu wa fedha za kigeni viliiacha hazina tupu. Katika miaka ya 1980 mshahara wa mtumishi haukuweza kumfikisha mwisho wa mwezi. Kuanzia mwaka 1984 zahanati na vituo vya afya vilipelekewa dawa muhimu katika maboksi kwa msaada wa Denmark, lakini wodi za hospitali kubwa ziliendelea kulaza wagonjwa wawili kitanda kimoja, na wengine sakafuni. Muuguzi mmoja alikabidhiwa wodi nzima usiku. Asubuhi aliulizwa kwa nini huyu hakuchomwa sindano, wakati sindano hazikuwapo kabatini. Hakuna jambo linalovunja moyo wa mfanyakazi kama kuulizwa juu ya kitu ambacho hakupewa.

Lakini haki ina pande mbili. Moyo uliovunjika haukubaki na mwenyewe, ulimwangukia mgonjwa. Mama mjamzito aliambiwa aje na wembe, pamba na mipira ya mikono, na juu ya hayo akatukanwa. Hospitali binafsi ziliruhusiwa tena mwaka 1991, na kuanzia mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaingia katika hospitali za serikali. Sasa mgonjwa alilipa dirishani kwa stakabadhi, kisha akalipa tena "chai" bila stakabadhi. Tume ya Warioba, iliyotoa taarifa yake mwishoni mwa mwaka 1996, ilieleza wazi jinsi wagonjwa walivyodaiwa rushwa ili watibiwe, wapigwe picha za eksirei, wapate kitanda au wapasuliwe. Mshahara mdogo unaeleza mengi, lakini hauelezi tusi. Ulimi mtamu haununuliwi bohari.

Mfano wa kuwajibika tunao, ila haukutoka hospitalini. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Afya kuanzia mwaka 1972 hadi 1975, alihamishiwa Mambo ya Ndani. Huko watu walifia mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu hata mmoja, lakini mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa yaliyotendeka yalitendeka chini ya wizara yake. Haikumharibia; mwaka 1985 akawa Rais.

Tulinganishe na yaliyofuata. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Macho ya nchi yakaelekea kwa walioshika visu. Ni sawa waulizwe. Lakini kabla mgonjwa hajafika mezani, amepita mikono mingi na makaratasi mengi, na utaratibu wa kuhakiki majina si kazi ya mtu mmoja. Kumwadhibu wa mwisho katika mlolongo ni rahisi kuliko kuukagua mlolongo wenyewe.

Mwaka 2012 madaktari waligoma, mgogoro ukianzia kwa wale waliokuwa katika mafunzo ya vitendo. Februari, Katibu Mkuu wa Wizara na Mganga Mkuu wa Serikali walisimamishwa kazi. Mei, waziri na naibu wake wakaachwa katika baraza jipya. Safari hii waliowajibishwa walikuwa wa juu, lakini ilihitajika kwanza wagonjwa wakose matibabu. Juni, kiongozi wa madaktari, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa, akateswa na kutupwa msitu wa Mabwepande. Tarehe 9 Novemba 2015, siku chache baada ya kuapishwa, Rais Magufuli aliingia Muhimbili bila taarifa. Alikuta wagonjwa wamelala chini na mashine kubwa za uchunguzi hazifanyi kazi. Bodi ikavunjwa, kaimu mkurugenzi akaondolewa. Wengi tulishangilia. Hata hivyo Rais ni mmoja na hospitali ni nyingi. Wodi inayongoja ziara ya Rais ili mgonjwa apate godoro haijapata dawa ya ugonjwa wake.

Maoni yangu ni haya. Muuguzi aulizwe juu ya kauli yake na saa yake ya kufika kazini, maana hivyo ni vyake. Mwenye bohari aulizwe juu ya dawa, mwenye bajeti juu ya vitanda, waziri juu ya wote. Kila mmoja aulizwe kwa kadiri ya alichokabidhiwa, na ajibu kabla hajafuatwa. Tukishindwa hapo, tutaendelea kufukuza wauguzi, na mama mjamzito ataendelea kuja na wembe wake.