UB40 na Nyimbo za Kurithi

Bendi ya UB40, iliyoundwa mwaka 1978 katika jiji la Birmingham, Uingereza, ilichukua jina lake kutoka kwenye fomu ya watu wasio na ajira waliojiandikisha kupata posho ya serikali, na albamu yake ya kwanza, Signing Off ya mwaka 1980, ilitawaliwa na tungo zenye lawama kali za kisiasa. Hata hivyo, umaarufu mkubwa uliletwa na Labour of Love ya mwaka 1983, albamu ya nyimbo za watu wengine ambazo wanabendi walikua wakizisikia katika mitaa iliyokaliwa na wahamiaji kutoka Jamaika. Wapo waliodai kwamba bendi ilikuwa imeuza msimamo wake. Lakini lawama hiyo, ingawa haikosi chembe ya ukweli, inasahau kwamba wanamuziki wa Jamaika wenyewe walikuwa na desturi ya muda mrefu ya kuchukua vibao vya Marekani na kuvirekodi upya kwa mapigo yao.

Wimbo "Red Red Wine" unaidhihirisha safari hiyo kuliko mwingine wowote. Neil Diamond, Mmarekani, aliutoa mwaka 1967 ukiwa wimbo wa huzuni, na mwaka 1969 mwimbaji wa Kijamaika, Tony Tribe, akaugeuza kuwa rege. UB40 waliujua huo wa pili tu, na kwa kuwa karatasi ya santuri ilimtaja mtunzi kwa kifupi kama N. Diamond, walimdhania kuwa Mjamaika. Katika toleo lao besi imetangulizwa mbele, mwendo ni wa taratibu, na katika toleo refu Astro, mmoja wa wanabendi, anaghani juu ya mdundo, kama walivyofanya watangulizi wake wa Jamaika. Wimbo ulishika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1983, lakini Marekani ulipanda hadi ya 34 tu mwaka uliofuata, hadi kituo cha redio cha Phoenix kilipoufufua na ukafika kileleni Oktoba 1988.

Mwaka 1989 UB40 wakatoa toleo lao la "Kingston Town", wimbo wa Lord Creator, mzaliwa wa Trinidad, ambaye alinufaika na mrabaha, yaani malipo anayostahili mtunzi kila kazi yake inapouzwa au kutangazwa. Diamond naye, katika maonyesho yake ya baadaye, aliuimba wimbo wake mwenyewe kwa mapigo ya rege.