Ufunguo wa akiba anao nani?

Nilikuwa Shinyanga, kata ya Ngokolo, kwa mama mdogo. Nilikuta simu yake imewekwa juu ya kabati, chaji imejaa, lakini hakuna anayeigusa. Alibadilisha paterni baada ya wajukuu kuizoea ile ya kwanza, kisha hiyo mpya akaisahau. Ndani mna picha za baba mdogo, ambaye sasa ni marehemu, na sauti alizomtumia kwa WhatsApp akiwa machimboni Geita. Fundi alimwambia, "Mama, kuifungua naifungua, ila vyote vitafutika." Akachukua simu yake akarudi nayo nyumbani.

Akaniuliza, "Mwanangu, mbona zamani mafundi walikuwa wanafungua tu na vitu vinabaki?"

Swali zuri sana! Hebu turudi nyuma kidogo.

Simu za mkononi zilianza hapa Tanzania mwaka 1994 na Mobitel, wakaja Vodacom mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001. Laini za GSM zilikuwa na PIN. Ukikosea mara 3 unadaiwa PUK, na PUK ukiikosea mara 10 laini imekufa. PUK iko kwa kampuni, kwa hiyo ufunguo wa akiba ulikuwa na mwenyewe. Kwenye simu yenyewe, Nokia za wakati ule zilitoka kiwandani na namba ya usalama 12345, na wengi hatukuibadilisha. Aliyeibadilisha akaisahau alikwenda kwa fundi, akaunganisha waya na kompyuta, kazi kwisha. Tatizo ni kwamba hata mwizi alikuwa na fundi wake.

Mwaka 2008 ikaja simu ya kwanza ya Android, na paterni ya vitone 9. Hadi Android 4.4 ukisahau ulikosea mara 5, ukaandika akaunti yako ya Google na nywila yake, ukaingia na kila kitu kipo.

Mambo yakageuka. Mwaka 2013 Apple walifunga iPhone kwa akaunti ya mwenyewe, hata ikifutwa, ili kuwakomoa wezi. Mwaka 2014 wakaenda mbali zaidi: kuanzia iOS 8 walisema hata wao hawawezi kuifungua. Mwaka huo huo Android 5.0 iliondoa ule mlango wa kuingilia kwa akaunti, na mwaka 2015 Android 5.1 ikaanza kudai akaunti ya zamani baada ya simu kufutwa. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, simu mpya zote, hata za bei rahisi, zinatakiwa kuhifadhi vitu kwa mafumbo, na ufunguo wa mafumbo hayo unategemea namba au paterni yako. Ndiyo maana waya wa fundi siku hizi hauoni picha. Fundi wa Ngokolo hakuwa mjinga wala tapeli. Alisema kweli.

Kwa hiyo ufunguo wa akiba leo ni akaunti ya barua pepe pamoja na nakala zilizohifadhiwa humo. Sasa niambieni, wangapi wetu tulifunguliwa akaunti na kijana wa dukani siku ya kununua simu, na nywila hatujawahi kuijua? Mama mdogo alikuwa mmoja wao.

Bahati nzuri akaunti ilisajiliwa kwa namba yake. Tulihamishia laini kwenye simu ya tochi, kodi ikaja kwa meseji, tukaweka nywila mpya na kuiandika kwenye daftari lake. Hela zake za M-Pesa hazikuguswa, maana hazikai ndani ya simu. Tulipoingia kwa kompyuta, picha za baba mdogo zilikuwepo. Mama mdogo alizitazama moja moja, bila haraka.

Nakala ya WhatsApp haikuwepo. Haikuwahi kuwashwa.

Nikamwambia tukifuta simu itafanya kazi, lakini sauti ndiyo basi. Akasema nimnunulie nyingine ndogo, hiyo ibaki kabatini. Kila jioni anajaribu paterni mbili tatu.

Wewe je, akaunti yako alikufungulia nani? Angalia leo.